Shajara ya madirisha: bweni moja na baraza moja, Busia

Wiki ya 1, Jumatatu jioni

Naanza kuandika leo kwa sababu ya slaidi mbili nilizosoma asubuhi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika kituo cha afya hapa Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Slaidi ya makohozi ikishapakwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, bakteria wa kifua kikuu huonekana kama vijiti vyekundu vyembamba juu ya uwanja wa samawati. Vingine vimepinda kidogo, vingine vimelala viwili viwili. Slaidi ya kwanza ilijaa. Ya pili ilijaa vilevile. Nilipogeuza fomu kuangalia wagonjwa wametoka wapi, nikakuta ni wasichana wawili wa shule moja ya bweni.

Nikampigia dada yetu wa VHT, mhudumu wa afya wa kijiji anayeshughulikia upande ule. Saa kumi alasiri alirudi na boda na jibu: bweni moja, vitanda vinavyogusana.

Dawa zipo na ni za bure, miezi 6 ya kumeza bila kuruka siku, na wote wawili wameanza leo. Wenzao wataulizwa yale maswali manne tunayomuuliza kila mtu: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Hiyo ni kazi tuliyoizoea. Kinachonikaa rohoni ni kwamba kazi yetu yote huanza mtu akishaambukizwa. Chumba alichoambukiziwa hakina faili, hakina fomu, hakiitwi kurudi kliniki.

Wiki ya 1, Ijumaa

Ruhusa imepatikana. Mwalimu mkuu alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, kama tutabomoa ukuta. Nikamwambia huenda. Tuko watatu: mimi, dada wa VHT, na mzee mmoja seremala wa karibu na soko, ambaye ndiye aliyetengeneza milango ya bweni hilo zamani. Kikundi chetu cha kuweka akiba kimekubali kununua mbao na nyavu.

Leo tumelipima. Mita 14 kwa 7, na kutoka sakafuni hadi dari mita 3. Humo wanalala wasichana 64 kwenye vitanda vya ghorofa tatu, masanduku ya bati yamepangwa chini, taulo mbichi zimetundikwa kwenye kila nguzo. Madirisha ni sita, yote upande mmoja, ya mbao, yenye nondo. Mawili yamepigwa misumari. Juu ya kila dirisha kuna yale matofali yenye matundu ambayo waashi huyaweka kwa ajili ya hewa, na yote yamezibwa. Nilichomoa kizibo kimoja kwa kalamu. Kilikuwa ukurasa wa daftari la hesabu uliokunjwa mara nne, umelainika kama kitambaa kwa masizi na mvuke wa pumzi, na hesabu za sehemu bado zinasomeka upande wa ndani.

"Binti yangu, usidhani tunafunga kwa kutojua," matroni aliniambia. Ni mama wa makamo, analala kwenye chumba kidogo pale mlangoni. "Kila dirisha hapa lina sababu yake."

Nikamwomba anitajie, nikaandika. Mbu, kwa maana malaria ya hapa ni ya mwaka mzima. Wezi, wanaopitisha mti mrefu wenye ndoano kati ya nondo na kuvuta blanketi ya mtu aliyelala. Mvua, inayopiga upande ule ule wa madirisha na kulowesha magodoro. Moshi wa jiko la shule. Vumbi la barabara ya malori. Na haya, kwa sababu njia ya watu inapita nyuma na mabinti wanabadili nguo humo.

Nilikwenda na maneno tayari kichwani kuhusu faida za hewa safi. Sikuyasema. Sababu hizo ni sita, na moja tu isipojibiwa, dirisha litafungwa tena usiku huo huo. Nimezibandika ukutani mezani kwangu na ndizo zitakazokuwa mpango wetu wa kazi.

Wiki ya 2, Jumatano

Nimeazimwa kimita cha hewa ukaa na mwanafunzi wa chuo anayefanya utafiti wake. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, kinaonyesha ni sehemu ngapi za hewa ukaa ziko katika kila sehemu milioni moja za hewa. Nje ya maabara, chini ya mwembe, kilisoma 430. Pumzi inayotoka kifuani ina takriban asilimia 3.8 ya gesi hiyo, yaani karibu mara tisini ya hewa ya nje. Kwa hiyo namba ikipanda ndani ya chumba, kilichoongezeka kimetoka vifuani mwa watu waliomo.

Kimita hakioni bakteria. Kinaonyesha tu ni kiasi gani watu wanavuta hewa iliyokwisha kuvutwa na wenzao. Lakini ugonjwa unaosafiri kwa hewa husafiri humo humo.

Wiki ya 2, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa

Nimelala shuleni, kwenye godoro la ziada chumbani kwa matroni. Saa nne usiku, taa zilipozimwa, kimita kilisoma 1,400. Saa sita, 2,700. Saa kumi alfajiri niliingia tena kwa miguu mitupu ili nisiwaamshe. Kuta zilikuwa na unyevu, bati lilikuwa linadondosha matone kwenye kona, na upande wa mwisho msichana alikuwa akikohoa kikohozi kikavu cha usingizini. Kimita: 3,840.

Nilikaa mlangoni nikapiga hesabu. Ukitoa ile 430 ya nje, inabaki 3,410. Ukiigawanya kwa hewa ukaa iliyomo kwenye pumzi itokayo, unapata karibu asilimia 9. Maana yake, kila pumzi ya 11 aliyovuta mtoto yule ilikuwa imeshatoka kifuani mwa mwenzake. Na usiku una saa nane, na muhula una wiki kumi na kitu.

Wiki ya 2, Ijumaa jioni

Mwalimu wa zamu ameniomba nizungumze na wasichana kabla ya kusoma kwao kwa jioni. Kilichonisukuma kusema ndicho nilichokiona mchana: vikombe na sahani za wale wawili vimetengwa kwenye ndoo ya peke yao, na bado wanalala chumba kimoja kilichozibwa kila tundu. Hata majumbani ndivyo tunavyofanya. Mgonjwa anapewa kijiko chake, halafu anafungiwa ndani pamoja na watoto ili asipigwe na baridi.

Nikawasimulia habari za simbilisi. Walicheka kidogo, maana wengi wanawafuga kwao. Mwaka 1934 Mmarekani William Wells alieleza kwamba tone dogo sana la kikohozi hukauka kabla halijafika chini, na kiini chake hubaki kikielea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Richard Riley, aliyekuwa mwanafunzi wake, alilithibitisha jambo hilo Baltimore. Hewa ya wodi ya vyumba sita vya wagonjwa wa kifua kikuu ilipelekwa kwa bomba hadi kwenye vizimba vya simbilisi juu ya jengo. Wanyama hao hawakuwaona wagonjwa, hawakugusa vijiko vyao wala mashuka yao. Walivuta hewa tu, na baadhi yao wakaambukizwa. Kundi jingine lilipewa hewa ya wodi ile ile baada ya kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho na unaoua vijidudu, nalo halikuambukizwa.

Msichana mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Kwa hiyo vikombe tuvirudishe?" Nikamjibu ndiyo, vioshwe kama vya wote na virudishwe leo. Wakavirudisha nikiwa bado nimesimama pale.

Wiki ya 3, Jumatatu

Kosa limetokea na ni langu. Jumamosi tuling'oa misumari na kuchomoa vizibo vyote, na usiku madirisha yote sita yakaachwa wazi. Saa kumi alfajiri kimita kilisoma 1,700 na nikafurahi sana. Usiku wa Jumapili mti wenye ndoano ukapita kati ya nondo. Blanketi mbili zimekwenda, na jozi ya viatu vya shule. Mmoja wa walioibiwa ni yatima anayelipiwa karo na shangazi yake.

Nilijua sababu hiyo. Niliiandika kwa mkono wangu wiki ya kwanza, kisha nikafungua kabla ya kuijibu. Leo misumari imerudi, na imepigwa mirefu zaidi. Matroni hakunigombeza, akasema tu, "Pole, binti yangu. Sasa umeona." Nimelipa blanketi na viatu. Lakini imani ya mabinti hailipwi kwa fedha, na itabidi tuijenge upya.

Wiki ya 3, Alhamisi

Majibu ya wenzao yamerudi. Kuna mmoja zaidi mwenye kifua kikuu, amegunduliwa mapema na hata uzito hajapoteza. Nilitafuta kitanda chake kwenye mchoro wangu. Kiko mwisho kabisa wa bweni, upande wa pili wa mlango, mita 11 kutoka kwa wale wawili. Hakuwahi kukaa nao meza moja. Ni yule niliyemsikia akikohoa alfajiri ile.

Nimemwonyesha mzee fundi mchoro huo. Hakusema kitu. Akachukua tepu yake, akatoka nje kwenda kuupima ukuta ambao hauna madirisha.

Wiki ya 4, Jumanne

Mbao zikikauka, nimegeukia kituo chetu chenyewe, maana sitaki kuwa mtu wa kurekebisha nyumba ya jirani huku yangu inavuja. Baraza letu la kungojea lina benchi tisa. Jumatatu saa tatu asubuhi linakuwa na watu sabini hivi: mama mwenye mtoto ambaye huenda ana surua ameketi karibu na mzee mwenye kikohozi cha wiki tatu. Madirisha ya upande wa mashariki yamefungwa kwa sababu jua linawapiga wahudumu machoni. Kimita: 1,900.

Nilipokuwa nikiiandika namba hiyo nilikumbuka mwaka 2020. Mgonjwa wetu wa kwanza wa COVID nchini alitangazwa Machi 21. Hapa Busia na kule Malaba madereva wa malori wakapimwa mmoja mmoja na foleni zikaenda kilomita nyingi. Nakumbuka jerikeni za kunawia zenye kanyagio la mti kwenye kila mlango wa duka, na vijana wakipuliza dawa kwenye kuta. Machi 28 mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliutangazia ulimwengu kwamba virusi hivyo havisafiri kwa hewa. Julai, wanasayansi 239, wakiongozwa na Lidia Morawska na Donald Milton, wakaandika barua ya wazi kusema hewa isipuuzwe. Ilipofika Aprili 2024 ndipo shirika hilo lilipochapisha istilahi mpya zinazokubali waziwazi kwamba maambukizi hupita hewani, karibu na mbali.

Kunawa kulitusaidia, na magonjwa ya kuhara tunayajua. Kinachoniuma ni shule. Zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022, muda ambao hakuna nchi nyingine duniani iliyoufikia. Watoto walipoteza karibu miaka miwili. Wasichana wengi hawakurudi kabisa. Na walipofungua milango ya bweni hili tunalolishughulikia, ndani kulikuwa na matofali yale yale yaliyozibwa kwa karatasi. Hakuna tundu hata moja lililokuwa limeongezwa katika muda wote huo. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote la miaka ile.

Wiki ya 4, Ijumaa

Tumehamishia foleni nje. Hilo tu. Turubai kati ya mwembe na nguzo, benchi sita chini yake, tatu zimebaki ndani kwa wajawazito na wasioweza kukaa kwenye upepo. Sista wa mapokezi anapita kwenye foleni asubuhi akiuliza nani ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, na huyo anatangulizwa, anapewa barakoa, anatoa makohozi nyuma ya jengo penye jua na upepo. Kimita ndani ya baraza, Ijumaa saa tatu: 620.

Mama mmoja alikataa kukaa nje, mtoto wake ana wiki tano. "Dada, upepo utamletea nimonia." Sikubishana naye. Mtoto mchanga akipoa mwili ni hatari kweli, na mama yule alikuwa anamlinda mwanawe kwa alichonacho. Tumegeuza benchi tatu za ndani ziupe upepo mgongo, na sista amepata kanga nzito mbili za kuazima. Akakaa.

Kuna utafiti uliofanyika Lima, Peru, ukachapishwa 2007, ambao nimeusoma mara nyingi kwa sababu unatuhusu sisi tusio na mashine. Walipima hospitali nane. Madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa kwa wastani, wakati vyumba vyenye mashine za kisasa vilisanifiwa kwa mara 12. Majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyapita yale mapya kwa mbali. Waliojenga zamani walikuwa wanaogopa kifua kikuu na hawakuwa na dawa.

Chumba cha daktari bado ni tatizo. Kina dirisha moja dogo. Hewa ikibadilika mara 2 tu kwa saa, chembe zilizoachwa na mgonjwa aliyekohoa huchukua zaidi ya saa mbili kuondoka kwa asilimia 99. Ikibadilika mara 6, dakika 46. Mara 12, dakika 23. Daktari wetu anawaona wagonjwa kila baada ya dakika kumi. Kwa sasa anafanyia kazi verandani na pazia, mvua isiponyesha.

Wiki ya 5

Wiki ya mzee fundi. Ukuta wa pili umetobolewa mahali pane, chini ya usimamizi wa mwashi, linta zikawekwa vizuri. Sasa upepo una pa kuingilia na pa kutokea. Madirisha ya upande mmoja peke yake hayafanyi kazi hiyo, upepo unagonga ukuta wa ndani na kurudi.

Ila kilichonifanya nimheshimu zaidi ni bawaba. Dirisha la kawaida hapa linafunguka kama mlango, bawaba ziko ubavuni, kwa hiyo mvua ikija huna chaguo ila kufunga. Yeye akazihamishia juu. Ubao unasukumwa nje kwa chini, unashikwa na kijiti, unakaa kama paa dogo. Mvua inateleza juu yake na hewa inapita chini yake. "Hata banda la kuku la marehemu baba lilikuwa hivi," aliniambia. Na mtu aliye njiani haoni ndani, kwa sababu ubao unamkinga macho. Mvua na haya zimejibiwa kwa kazi moja.

Ndani ya nondo tumechomelea wavu wa chuma wenye matundu ambayo kidole hakipiti, sembuse mti wenye ndoano. Juu yake wavu wa mbu. Wezi, mbu.

Nikapiga hesabu kwa kanuni ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009: zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo, kwa eneo la uwazi ulio mdogo zaidi, kwa 1,000, upate lita kwa sekunde. Matundu manne mapya, ukishatoa kinachozuiwa na nyavu na ubao, yana kama mita 1.6 za mraba. Upepo mwanana wa nusu mita kwa sekunde unatupa lita 520. Gawanya kwa 64: lita 8 kwa kila msichana. Kinachopendekezwa kwa majengo ya kawaida ni lita 10 kwa mtu. Tuko karibu, hatujafika, na usiku usio na upepo tutakuwa mbali zaidi. Wavu wa mbu unakula hewa nyingi, lakini katika Busia siwezi kuuondoa na sitaki mtu yeyote ashauri uondolewe.

Wiki ya 6

Hakuna kilichofanyika. Mitihani.

Wiki ya 7, Jumamosi

Moshi. Nimeuacha hadi mwisho kwa sababu niliuogopa. Jiko la shule linapika posho na maharage kwa kuni kuanzia alfajiri, na upepo ukigeuka, moshi unaingia bwenini moja kwa moja kupitia madirisha tuliyoyafungua kwa jasho. Chembe laini za moshi zinaingia mapafuni hadi ndani kabisa. Kiwango kinachopendekezwa tangu 2021 ni mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa saa 24, na mtu aliyesimama dakika tano kwenye jiko la kuni anajua kwa macho yake kuwa pale kiwango hicho kimepitwa mbali. Kampala wana bahati ya kupimiwa. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo, wamekuwa wakitengeneza vipimo vyao wenyewe tangu 2015, wakavifunga kwenye nguzo na hata kwenye bodaboda. Jikoni mwa shule ya Busia hakuna aliyepima.

Kufungua dirisha ili moshi uingie ni kuwabadilishia watoto adui. Tumefanya mawili. Dohani ya jiko imeongezwa bati hadi kuupita ukingo wa paa la bweni, na mpishi, baba mmoja mpole anayekohoa tangu nimjue, amekubali kukausha kuni wiki mbili chini ya kibanda kabla ya kuzitumia, maana kuni mbichi ndizo zinazotoa moshi mwingi. Madirisha ya upande huo yanafungwa saa kumi alfajiri anapowasha na kufunguliwa saa mbili. Nimemwomba naye aje kutoa makohozi Jumatatu.

Jambo jingine nimeligundua kwa bahati. Usiku wa baridi matroni huingiza sigiri chumbani kwake, mkaa ukiwa mwekundu, na kufunga mlango. Nilimshika mkono nikamweleza: mkaa usio na moshi bado unatoa gesi isiyonuka, na hiyo inaua mtu usingizini kabla ya alfajiri. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia habari ya jamaa zake wawili, miaka mingi iliyopita, ambao familia ilisema wamerogwa. Sigiri imebaki nje tangu siku hiyo. Nimempelekea blanketi.

Vumbi bado. Tumepanda miti kando ya uzio, na hilo ni jibu la miaka mitano ijayo. Kwa sasa wasichana wanamwagia maji njia jioni.

Wiki ya 8, Jumatano

Makohozi ya mpishi hayana bakteria. Ni moshi wa miaka. Amepangiwa kumwona daktari wa kifua. Nilifurahi kwa jibu la slaidi na sikufurahi kwa mengine.

Mwalimu mkuu anauliza lini nitampa takwimu kuonyesha kifua kikuu kimepungua shuleni. Nimemwambia ukweli, kwamba sitampa. Katika watu walioambukizwa, wachache ndio huugua, na wengi wao ndani ya miaka miwili ya kwanza. Shule moja ya wasichana mia chache haiwezi kuonyesha hilo kwa muhula. Ninachoweza kumpa ni namba ya saa kumi alfajiri, na ahadi ya kuendelea kuwauliza mabinti yale maswali manne kila mwanzo wa muhula. Amekubali kwamba namba hiyo iandikwe kwenye daftari la zamu, karibu na idadi ya waliolala.

Wiki ya 9, usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu

Nimeungoja usiku wa mvua na umekuja. Ilianza saa saba, mvua nzito ya kupiga bati mpaka husikii mtu akisema. Niliinuka nikiwa na hakika nitakuta madirisha yamefungwa. Yalikuwa wazi yote kumi. Msichana wa kitanda cha chini, karibu na dirisha la tatu, alikuwa macho. Nikamuuliza kwa ishara kama analowa. Akanyoosha mkono, akapapasa godoro lake, akatikisa kichwa.

Nilipita na tochi. Sakafu kavu chini ya madirisha tisa. Chini ya la nne upande mpya kuna dimbwi la ukubwa wa sinia, na mtu ameshasukuma sanduku lake pembeni na kutandika gunia. Ubao wa dirisha hilo umepinda kwa unyevu na umeacha mwanya pale kwenye bawaba.

Saa kumi alfajiri: 1,050. Ni kila pumzi ya 61 badala ya kila ya 11. Kwa watu waliolala, ambao wanatoa hewa ukaa kidogo kuliko walio macho, namba hiyo ni kama lita 6 za hewa kwa sekunde kwa kila mtu, kwa hiyo bado tunadaiwa. Mzee fundi anasema ukingo wa paa unaweza kuachwa wazi kwa wavu pande zote mbili ili hewa ya moto itokee juu, na tumekubaliana kuanza likizo ikifika.

Wale watatu wanaendelea na dawa. Wawili wa kwanza wamemaliza miezi miwili, slaidi zao nilizisoma Ijumaa, samawati tupu, nikazirudia mara ya pili, nikiangalia sehemu mia moja za kila slaidi.

Dirisha la nne: fundi anakuja Jumamosi na randa na bawaba ndefu zaidi. Matroni ametaka kimita kibaki kwake. Mwanafunzi aliyeniazima anakitaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo nimeanza kuulizia pa kununua cha kwetu.